Kabla Hujasema Tumekupiga: Kibodi Nyeupe ya Gemu Tunavyoikagua

Haipiti wiki bila mteja kuingia dukani kwetu Kariakoo ameshika simu, picha imefunguliwa, sauti iko juu. "Kaka, mbona mnatupiga? Kuna mtu anaiuza elfu 35. Nyeupe, taa za rangi, kila kitu. Nyie mnataka elfu 110!" Tukiiangalia picha, kweli inafanana na ile iliyo kwenye kabati letu: nyeupe, vitufe vimesimama juu ya bati, rangi zinapita chini yake kutoka nyekundu mpaka zambarau. Kwa picha peke yake hata sisi hatuwezi kuapa kuwa hii ni ya aina gani. Lakini kuitwa wapigaji mbele ya wateja wengine kunatuuma, kwa sababu bei ile ina maelezo, na maelezo yenyewe yako chini ya kitufe, hayako kwenye taa.

Ndiyo maana mtu akituletea kibodi aliyonunua kwingine na kutaka kujua kama ni ya mekanika kweli, hatuanzi kwa kuichomeka. Tunachukua kibanio cha waya, tunang'oa kitufe kimoja cha herufi, tunamgeuzia aone mwenyewe. Kibodi ya mekanika ina swichi yake chini ya kila kitufe. Kila swichi ni kasha dogo la plastiki linalojitegemea, lina springi, lina shina la kati lenye umbo la msalaba, na ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana shina likishuka. Umbo hilo la msalaba lilitoka kwa Cherry ya Ujerumani, walioanza kuuza swichi zao za MX miaka ya 1980. Hataza yao, yaani haki ya kuwazuia wengine kuiga umbo hilo, ilipoisha, mwaka 2014 hivi, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikaingia sokoni na swichi za umbo lilelile, na bei ikashuka mpaka sisi wa Kariakoo tukaweza kuagiza. Hatuzidharau hata kidogo swichi hizo. Kibodi nyingi tunazouza zina Outemu, na tunazisimamia.

Sasa ng'oa kitufe cha ile ya elfu 35. Shina la msalaba utalikuta, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Ila halina kasha. Linateleza kwenye tundu lililochongwa moja kwa moja kwenye plastiki ya kibodi, na ukilibonyeza kwa ncha ya kalamu unalisikia linakalia mpira. Chini kuna shiti moja ya mpira imetandazwa kibodi nzima. Kwenye boksi wameandika kwamba ina "hisia ya mekanika", maneno ambayo kibodi ya mekanika yenyewe haiyahitaji. Ukiyaona, jua unanunua kibodi ya mpira. Na kibodi ya mpira si takataka. Kwa mtu wa ofisi anayeandika barua na kujaza fomu inamtosha, na sisi pia tunaziuza, kwa bei ya mpira.

Kijana mmoja mwanafunzi alituletea ya namna hiyo akilalamika kwamba gemu linamkataa: akikimbia kwa mshazari huku anataka kuruka, mchezaji haruki. Alikuwa ameshafuta gemu na kulipakia upya, ameshabadilisha dereva, ile programu inayoendesha kibodi, amefikia hatua ya kutaka kuuza kompyuta. Tukafungua ukurasa wa kupima vitufe, tukamwambia ashike W na D, kisha abonyeze kitufe kirefu cha nafasi bila kuviachia vile viwili. Vya kwanza vikawaka kwenye kioo, cha tatu hakikuwaka. Baadhi ya kibodi za mpira hukwama hapo, kwa sababu vitufe vimeunganishwa kwa mistari ya kulala na ya kusimama, na michanganyiko fulani ya vitufe vitatu bodi haiwezi kuitenganisha. Kompyuta yake haikuwa na tatizo lolote. Jaribio hili hata wewe unaweza kulifanya kabla hujatoa hela, na muuzaji akikataa usilifanye, ondoka.

Taa ndizo zinazowanunua watu, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo. Kuna taa za aina mbili, na kwenye picha zinafanana. Ya kwanza ni ile ambayo kila safu ya vitufe ina rangi yake isiyobadilika: juu nyekundu, inayofuata njano, kisha kijani, na kuendelea. Unaweza kubadilisha mtindo wa kuwaka, zipepese, zikimbie, zipumue, lakini safu nyekundu itabaki nyekundu maisha yake yote. Ya pili ni RGB kamili: chini ya kila kitufe kuna taa moja yenye vipande vitatu ndani yake, chekundu, cha kijani na cha bluu, na kwa kuvichanganya unapata rangi yoyote kwenye kitufe chochote. Modeli moja inaweza kutoka kwa aina zote mbili, Redragon K552 ikiwa mfano mzuri, kwa hiyo jina la mbele halitoshi. Soma maandishi madogo nyuma ya boksi.

Ukishajua ni RGB kamili, usiipime kwa zile rangi zinazokimbia. Zinaficha ugonjwa. Sisi tunaiweka kwenye rangi nyeupe tupu, mwanga wa mwisho, tunazima taa ya duka na kuangalia kitufe kimoja kimoja. Nyeupe hupatikana vipande vyote vitatu vikiwaka pamoja. Kijani kikiwa kimekufa, kitufe kitaonekana cha waridi. Bluu ikiwa imekufa, utaona njano. Nyekundu ikiwa imekufa, kitaelekea rangi ya bahari. Kwenye rangi zinazokimbia kitufe hicho kingepita bila wewe kugundua, ukafika nacho nyumbani, na baada ya wiki ukarudi kutuambia tumekuuzia kibovu. Kila kibodi ya RGB inayotoka kwetu imepita kwenye giza hilo mbele ya mnunuzi. Inachukua muda, na foleni ikiwa ndefu watu wananuna, lakini jaribio hilo hatuliruki.

Weupe nao una mambo yake. Bati jeupe linarudisha mwanga, kwa hiyo taa zilezile zinaonekana kali na laini zaidi kuliko kwenye kibodi nyeusi. Huo ni uzuri wa kweli na unastahili kuulipia. Lakini angalia herufi taa zikiwa zimezimwa, mchana, karibu na mlango. Kwenye baadhi ya kibodi nyeupe herufi ni plastiki inayopitisha mwanga, na bila taa inabaki kijivu hafifu juu ya nyeupe. Mama mmoja mwenye steshenari alimnunulia msaidizi wake ya namna hiyo kwa sababu ilipendeza mezani. Mchana kutwa dada wa watu anainamia kutafuta herufi, na wateja wa kuchapa wanasubiri. Tukambadilishia vitufe tu, kibodi ikabaki ileile, kwa kuwa vitufe vya msalaba vinaingiliana.

Na weupe huo utadumu? Inategemea plastiki. Vitufe vingi vya bei ya chini ni ABS, ambayo ikipigwa na jua inageuka njano, na ikishikwa sana inang'aa kwa mafuta ya vidole. Vya PBT vinastahimili zaidi na ni vigumu zaidi mkononi. Kama una kitufe cha akiba, jaza glasi maji, koroga chumvi mpaka igome kuyeyuka, kisha kitumbukize kitufe na ukigeuze hewa yote itoke. ABS inaelea, PBT inazama. Wateja wetu wanapenda sana kuliona hilo, na baada ya kuliona hawaulizi tena kwa nini seti ya vitufe vya PBT peke yake inakaribia bei ya kibodi nzima ya mpira.

Kuhusu rangi za swichi zenyewe, si za taa, hatutasema mengi. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kukwama wala mlio, kahawia ina kikwazo kidogo unachokihisi kidoleni, bluu ina mlio wa tk-tk. Kama unalala chumba kimoja na mtu, au unafanya mikutano ya mtandaoni, usichukue bluu, hata kama rafiki yako ameisifia.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza kuliko yote, maana hapa ndipo hela za wateja zinapopotelea. Kibodi nyeupe ikichafuka, mwenyewe anatafuta njia ya mkato. Tumeletewa kibodi iliyosuguliwa kwa Jiki. Mwenye nayo alimimina kwenye kitambaa, akafuta, akaona haitoshi, akamimina moja kwa moja katikati ya vitufe. Kwa macho ilikuwa safi kweli. Tulipong'oa kitufe cha nafasi, waya wa chuma unaokishikilia kisiyumbe ulikuwa umeota kutu, bati lilikuwa limechubuka rangi kuzunguka skrubu na kutu imeanza kupenya, na swichi kadhaa za safu ya chini zilikuwa zimekufa. Jiki inakula chuma. Na hapa Dar hewa yenyewe ina chumvi na unyevu, chuma kilichochubuka hakihitaji kusaidiwa kuoza.

Mwingine alikuwa na tatizo la herufi kujirudia, anabonyeza "a" mara moja zinatoka mbili. Ni tatizo la kawaida: vile vipande viwili vya chuma ndani ya swichi vimechafuka au vimechoka, mguso unatetema. Swichi moja tu. Kazi ndogo kabisa. Lakini aliona video, akachukua yale mafuta ya kupuliza ya kulegezea skrubu zenye kutu, akapulizia kibodi nzima. Siku chache ikawa nafuu. Kisha vumbi likashikana na mafuta, na tatizo la herufi moja likawa la nusu ya kibodi. Alipotuletea tukamwambia bei, akahamaki. "Yaani kwa herufi moja, bosi?" Kaka, haikuwa herufi moja tena.

Acha tuifungue hiyo bei. Kama kibodi yako ina soketi, swichi inachomolewa kwa kibano na mpya inachomekwa. Hapo tunakutoza hela ndogo, na tukikufundisha utafanya mwenyewe. Angalia tu miguu: kuna swichi za miguu 3 na za miguu 5, na kuna kibodi ambazo soketi zake ni nyembamba na hazipokei swichi yoyote isipokuwa za Outemu. Kama haina soketi, swichi zimelehemiwa kwenye bodi. Kila swichi, iwe ya miguu 3 au 5, ina miguu miwili tu ya umeme, mingine ni plastiki ya kuishikilia. Kibodi ya vitufe 87 ina sehemu 174 za kuyeyusha risasi ya kulehemia, kufyonza, kusafisha na kulehemu upya, na kabla ya hapo ni vitufe vyote kung'olewa na skrubu zote kufunguliwa. Pasi ya kulehemia ikizidi moto au mkono ukivuta kabla risasi haijayeyuka yote, njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, na hapo unaanza kuunga waya mwembamba kama unywele. Fundi wa haraka atakufanyia kwa nusu ya bei yetu. Tumeshapokea bodi zilizotoka kwenye mikono hiyo, zimeungua rangi ya kahawia kuzunguka kila tundu, na kuzitengeneza ni ghali kuliko ungeanza nasi.

Kwa hiyo tunapokuuliza "ina soketi?" kabla hujanunua, hatukupandishii bei. Tunakupunguzia bei ya miaka inayokuja.

Usafi wa kawaida fanya nyumbani, hautuhitaji sisi. Chomoa waya. Piga picha ya kibodi ili ukumbuke vitufe vinavyorudi wapi. Ng'oa vitufe kwa kibanio cha waya, usitumie kisu wala bisibisi, shina likivunjika ndani ya kitufe swichi imekwenda. Loweka vitufe kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, yasiwe ya moto wa kuchemka. Vianike kivulini mpaka ndani ya tundu la msalaba pawe pakavu kabisa, hilo ndilo eneo linalohifadhi maji bila wewe kuona. Bati lipige brashi kavu. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha isikaribie, inayeyusha ABS.

Soda au chai ya maziwa ikimwagika, chomoa waya hapohapo, hata kama uko katikati ya mechi. Ipindue kifudifudi juu ya kitambaa na uiache hivyo. Usiiwashe "kuona kama bado inafanya kazi", usiipulizie kikausha nywele, mchele hausaidii chochote hapa, sukari inabaki palepale. Ilete siku hiyohiyo, na uje na waya wake maana mara nyingi tundu la USB nalo limelowa. Ukitueleza ulichomwaga na ulichojaribu kufanya, bila kuficha, tunajua pa kuanzia na muda wa ukaguzi unapungua. Duka liko wazi Jumatatu mpaka Jumamosi, na ukaguzi tunaufanya mbele yako.