Mzee Wako Asilie

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya cha miezi minne. Muswada wa filamu yako ulinifikia pamoja na halua ya Bi Mkubwa. Halua haikulala, lakini muswada nimeusoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale mzee anapoletewa maiti ya mwanawe, akaangua kilio kurasa mbili nzima.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kuitazama tena Purahanda Kaluwara, filamu ya Kisinhala ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Prasanna Vithanage. Humo Joe Abeywickrama anaigiza Wannihami, mzee kipofu wa kijiji cha ukame huko Sri Lanka, ambaye analetewa jeneza lililofungwa na kuambiwa kwamba ndani yumo mwanawe aliyekufa vitani. Mzee haamini. Fidia ya serikali inangoja, na nyumba aliyoanza kuijenga mwanawe haijaisha, lakini yeye hataki kutia sahihi. Halii wala hahutubu. Utamsoma katika fimbo, vidole na namna anavyoinamisha sikio. Mwishowe analifukua kaburi, na jenezani mna mawe na magogo ya mgomba.

Na huyo ni mwigizaji ambaye watazamaji wa kwao walimjua kwanza kwa vichekesho! Mwambie Fundi, mpiga picha wako, anayeshikilia kwamba mchekeshaji hafai kuomboleza. Serikali iliizuia filamu hiyo mwaka 2000, vita vikiendelea, hadi Vithanage alipokwenda mahakamani akashinda; nami nadhani kilichowaudhi ni ule ukaidi wa mzee asiyepaza sauti, kwa maana mpiga kelele angejibiwa kwa urahisi.

Basi narudi kwa mzee wako. Sikatai kwamba yule bwana uliyemchagua amwigize analia vizuri. Katika ile tamthilia alinifanya nitafute leso, ingawa kiingilio kilikuwa kimekwisha kunikasirisha. Ila akilia yeye, mtazamaji atabakiwa na kazi gani?

Je, ukimnyima machozi, utampa nini mikononi? Kwa nini hakuna anayemtaka athibitishe kwamba maiti ni ya mwanawe? Yule binti wa muswadani lazima aseme yote yale? Fundi amekubali kupiga picha ndani ya nyumba bila taa? Na Bi Mkubwa, goti lake limepoa?

Nijibu kabla hamjaanza kupiga picha.

Wako,
Mwenzio wa dawati la nyuma