Jiwe la 2029 linapita tu, kikoba kiendelee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, siku hizi katibu wa kikoba hapa Kirumba. Juzi tukiwa kwenye kununua hisa, mwanachama wetu mmoja, mama anayeuza dagaa pale Mwaloni, alifunga pochi yake akasema yeye hanunui. Kulikoni? Akatoa kipande cha gazeti lako alichokuwa amefungia mzigo, bado kina magamba, kikisema jiwe la angani litaifikia dunia Aprili 13, 2029. "Mwalimu," akaniuliza, "hicho kiwanja mnachosema tutanunua 2030, tutajenga na nani?"

Wenzake walicheka. Mimi nilikisoma kipande chote, na mwandishi wako hakuandika uongo hata mstari mmoja. Alisema jiwe linakuja. Alichoacha ni kwamba linapita.

Jiwe hilo linaitwa Apophis na liligunduliwa mwaka 2004, upana wake ni mita 340 hivi. Hesabu za mwanzo, Desemba mwaka huohuo, zilionyesha uwezekano wa kutugonga unafika asilimia 2.7, na hofu ilizaliwa hapo. Walipoendelea kulifuatilia, hesabu zikanyooka, na mwaka 2021 NASA, shirika la anga la Marekani, wakatangaza kwamba halitatugonga kwa angalau miaka 100. Litapita kilomita kama 32,000 kutoka usawa wa dunia. Ni karibu, sikatai, maana ni chini ya setilaiti zinazotuletea mpira kwenye ving'amuzi. Lakini bodaboda wa Mwanza wanatupita kwa shibiri kila siku na bado tunadunda.

Hata lingegonga, lingeangamiza nchi nzima pengine, si viumbe wote. Lile linalohusishwa na kutoweka kwa dainosaria, miaka milioni 66 iliyopita, lilianguka Yucatan, Mexico, likiwa na upana wa kilomita 10 hivi. Apophis mbele yake ni dagaa mbele ya sangara. Tena mawe haya siku hizi yana walinzi: Septemba 26, 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligongeshwa makusudi kwenye kijiwe Dimorphos, na muda wa kijiwe hicho kulizunguka jiwe kubwa lenzake ukapungua kwa dakika 32 hivi.

Mhariri, mimi ningepewa kazi ya kuandika habari za viumbe kumalizika, nisingetazama juu. Ningeteremka ziwani.

Ziwa hili letu la Victoria lilishakauka. Zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, hapa zinapopita meli palikuwa nchi kavu yenye nyasi. Maji yaliporudi, samaki wachache wakazaliana wakawa furu wa aina zaidi ya 500, wasiopatikana kokote kwingine. Nilipoanza kufundisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, furu walikuwa kitoweo cha mwenye mshahara wa mwalimu: fungu zima kwa shilingi chache, miiba mingi, unakula ugali wa muhogo huku umenyamaza usije ukakwama. Enzi hizo watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wakiwahesabu katika Ghuba ya Mwanza.

Wakati huo sangara alikuwa ameshaingia. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, enzi za mkoloni, ili tupate samaki wakubwa. Akakaa kimya miaka ishirini na kitu, kisha miaka ya 1980 akafumuka. Furu wa aina zinazokadiriwa kufika 200 wakatoweka, wengine kabla hata hawajapewa jina la kitaalamu. Simbebeshi sangara lawama zote, maana uchafu tunaoutiririsha ulishalitia ziwa tope, na nyavu zetu nazo mnazijua. Wala sisemi arudishwe alikotoka. Minofu yake imesomesha watoto wengi wa mji huu, wakiwemo niliowafundisha. Nasema tu kwamba ni moja ya maangamizi makubwa ya samaki yaliyoshuhudiwa na binadamu, yametokea mbele ya meza zetu, na sikumbuki kuona mtu akifunga pochi.

Kuhusu vitisho vingine, mabomu ya nyuklia yaliyopo duniani ni kama 12,000, na hayo ndiyo yananikosesha usingizi kuliko jiwe lolote. Usiku mmoja wa Septemba 1983, mitambo ya Kisovieti ilimwambia afisa Stanislav Petrov kwamba makombora matano ya Marekani yako njiani. Akajiuliza, nani anaanzisha vita kuu kwa makombora matano? Akaripoti kwamba ni hitilafu ya mitambo, na ilikuwa kweli. Ningefurahi chumba chako cha habari nacho kingekuwa na mtu wa kuuliza swali moja la namna hiyo kabla ukurasa haujaenda mtamboni.

Ombi langu ni kwamba uichape tena habari ile, safari hii na umbali wake. Ongeza kwamba Apophis itaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, kama nyota ndogo inayotembea, na kwamba itakuwa karibu zaidi kwenye saa saba kasoro usiku, kuamkia Jumamosi. Mwezi utakuwa mwandamo, kwa hiyo ni giza, na wavuvi wa dagaa watakuwa kazini. Masika yakituachia anga wazi, hakuna atakayekaa mahali pazuri kuliko wao.

Yule mama nilimweleza haya yote Jumapili. Akanunua hisa tatu. Kisha akaniuliza kama kijana wake, ambaye huenda ziwani kila giza, atalazimika kuzima taa za mtumbwi ndipo alione. Nikamwambia dakika tano zinatosha, dagaa hawatakimbia wote.

Mwalimu Mstaafu,
Kirumba, Mwanza