Krenki za ajabu zithibitishwe kabla ya kuuzwa kwa wanatriathloni

Mhariri,

Wanatriathloni wa Nairobi, yaani wanaoshindana kwa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, hasa sisi tunaofanyia mazoezi ya baiskeli kwenye barabara ya Magadi na Southern Bypass, tumekuwa tukishawishiwa kununua krenki, yaani mikono inayobeba pedeli, za maumbo yasiyo ya kawaida. Baadhi zimepindwa, nyingine huuacha kila mguu uzunguke kivyake, na nyingine hufungwa gia ya mbele yenye umbo la yai. Naomba nafasi nieleze kwa nini ahadi zinazoambatana na vifaa hivi hazistahili kuaminiwa kwa maneno ya muuzaji peke yake.

Krenki iliyopindwa haihitaji maelezo marefu. Inadaiwa kwamba pindo lake humwongezea mwendeshaji nguvu ya wenzo, lakini kinachohesabika katika wenzo ni umbali wa mstari mnyoofu kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya pedeli. Ikiwa umbali huo ni milimita 172.5, basi chuma kilichoko kati yake kinaweza kupindwa namna yoyote na mguu usitambue tofauti, isipokuwa uzito ulioongezeka.

Krenki ambazo kila mguu hujizungushia yake zinahitaji kujibiwa kwa makini zaidi, kwa kuwa wazo lake linavutia: mwendeshaji analazimika kuinua pedeli kwa misuli yake mwenyewe, badala ya mguu mmoja kusukumwa juu na mwenzake. Huko Marekani ziliwahi kutangazwa kwamba zinaweza kuongeza nguvu kwa asilimia 40. Hebu tuipime ahadi hiyo. Kwenye barabara tambarare, nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi, yaani kasi ikizidishwa kwa yenyewe na tena kwa yenyewe, kwa hiyo nyongeza ya asilimia 40 ingeleta kasi ya juu kwa karibu asilimia 12. Mtu anayemaliza kwa saa sita kilomita 180 za baiskeli za Ironman, triathloni ya masafa marefu, angepunguza zaidi ya nusu saa. Kama jambo hilo lingekuwa kweli, hakuna bingwa ambaye angethubutu kupanda baiskeli yenye krenki za kawaida pale Kona, Hawaii, kwenye mashindano ya dunia ya Ironman, ilhali karibu wote huzitumia. Tena, mwaka 1991 mtafiti Edward Coyle na wenzake walipowalinganisha waendeshaji hodari wa majaribio ya muda, yaani mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, waliona kwamba waliokuwa bora zaidi walijitofautisha kwa kukandamiza pedeli kwa nguvu kubwa inaposhuka, wala si kwa kuivuta inapopanda. Sikatai kwamba krenki hizi zinachosha misuli ya nyonga, lakini kuchoka si ushahidi wa kuongezeka kwa kasi.

Kuhusu gia ya umbo la yai, jina linalotajwa kila mara hapa kwetu ni la Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye aliitumia aliposhinda Tour de France mwaka 2013. Fahari tunayomwonea ni ya haki, lakini ushindi wake hauthibitishi gia hiyo, kwani washindi wengi zaidi wa mashindano hayo walitumia gia za mviringo. Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, nao waliuza gia zao za umbo la yai, Biopace, katika miaka ya 1980, zikiwa na sehemu pana iliyoelekezwa karibu kinyume na zile za Froome, na wakati huo pia walisifu faida zake. Maelekezo mawili yanayopingana hayawezi yote kuwa siri ya kasi.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Vipima nguvu vingi vinavyofungwa kwenye krenki hukadiria kwamba mzunguko mmoja una kasi isiyobadilika. Gia ya umbo la yai huifanya kasi hiyo ipande na kushuka ndani ya mzunguko huo huo, na kipimo huweza kuonyesha wati za ziada ambazo mguu haukuzitoa. Mwanamichezo hufurahia tarakimu kwenye skrini, naye muuzaji huzichukua kama ushahidi.

Sipingi kila badiliko. Utafiti wa Jim Martin na Waneen Spirduso wa mwaka 2001 ulipima krenki kuanzia milimita 120 hadi 220, na nguvu ya juu kabisa ilitofautiana kwa takriban asilimia 4 tu. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya mtu anayeinama sana juu ya usukani wa triathloni kujaribu krenki fupi zaidi, apate nafasi kwenye nyonga bila kuhofia kupoteza nguvu nyingi. Badiliko hilo ni dogo na gharama yake inaeleweka, na hakuna anayelitangaza kwa ahadi za ajabu.

Wauzaji wanaoamini bidhaa zao ninawaomba waziazimishe vilabu vyetu kabla ya kuchukua fedha za vijana ambao bado hawajamudu ada ya kocha wa kuogelea. Mwendeshaji yule yule apande mlima ule ule kwa bidii ile ile, kwa siku za kupokezana kati ya krenki mpya na ya kawaida, wati zikisomwa na kipimo kilichomo katika kitovu cha gurudumu la nyuma, ambacho hakidanganywi na umbo la gia. Matokeo yakipatikana, yawe mazuri au mabaya, naomba gazeti lako liyachapishe pamoja na muda wa kila mpando.

Mwanatriathloni,
Lang'ata, Nairobi