Shangazi, kuvumwani siyo inayokausha vichaka vyako

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeniandikia kwamba vichaka vyako vya maua vimejaa kuvumwani ya kijivu, kwamba matawi yanakauka kuanzia nchani, na kwamba umekwisha kuandaa kisu na dawa ya shaba. Nakusihi uviweke kando kwanza.

Kuvumwani ni kuvu inayoishi pamoja na mwani (si ule wa baharini, bali viumbe vidogo mno vya kijani), jambo ambalo mwanabotania wa Uswisi, Simon Schwendener, alilitangaza mwaka 1867 na wataalamu wengi wa enzi zake wakalikataa. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, nayo kuvu huupa makao na kuutunzia unyevu. Maji na madini hutoka kwenye mvua, ukungu na vumbi. Haina mizizi, na nyuzi zake haziingii kwenye sehemu hai ya tawi kunyonya chakula. Ndiyo maana huota vilevile juu ya jiwe tupu.

Utauliza, na ni haki yako, mbona basi imejaa kwenye vichaka vilivyodhoofika. Kuvumwani hukua polepole mno, mara nyingi milimita chache tu kwa mwaka, na hupenda mwanga na gome lililotulia. Kichaka chenye nguvu huchipua kila mara na majani yake hulitia gome kivuli. Kikidhoofika, majani hupukutika, jua hupenya hadi ndani, nayo kuvumwani hupata nafasi ya kutanda. Udhaifu ulitangulia. Tena yapo matawi makongwe yaliyofunikwa kabisa na bado yanachanua vizuri, na hayo yaache yalivyo.

Kwaruza kwa ukucha gome la kijitawi unachokitilia shaka. Ukiona kijani kibichi chenye unyevu, kiko hai. Ukiona kahawia kavu, rudi nyuma ukikwaruza hadi ufike penye uhai, kisha ukate hapo, juu kidogo ya chipukizi. Baada ya hapo inama uchunguze chini, kwa kuwa naamini ugonjwa wenyewe uko huko: huenda udongo umeshindiliwa kwa kukanyagwa, maji yanatuama, au shina limefukiwa kupita kiasi. Fukua taratibu pembeni. Mzizi mzima huwa mgumu na mweupe ndani. Uliooza huwa mweusi, na ukiuvuta ganda lake huchomoka mkononi. Tandaza mboji na majani makavu, lakini yasiguse shina.

Dawa ya shaba inaweza kuiua kuvumwani, na kichaka kikabaki dhaifu vilevile. Kuikwangua ni kubaya zaidi, kwa sababu kisu hulichana gome na kuyafungulia mlango magonjwa ya kweli.

Nami naipenda kuvumwani kwa sababu nyingine. Mwaka 1866 William Nylander, mwanabotania wa Ufini, aliandika kwamba katika bustani ya Luxembourg mjini Paris ziliota aina ambazo hazikuonekana kwingineko mjini humo, akaihusisha tofauti hiyo na usafi wa hewa. Aina zenye vishada kama ndevu ndizo hasa zisizostahimili moshi wa salfa, ingawa zile za rangi ya chungwa hustawi hata penye naitrojeni nyingi hewani. Ukiona ndevu hizo kwenye matawi yako, niandikie, pamoja na hali ya mizizi utakayoikuta.