Koti la Aretha: mazoezi ya Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunafanya mazoezi ya mwimbaji wetu kuvua koti jukwaani kama Aretha. Kabla ya hapo kila mmoja atazame Aretha Franklin, mwimbaji wa soul wa Marekani, akimwimbia mtunzi wa nyimbo Carole King kwenye hafla ya tuzo ya Kennedy Center Honors, Washington, Desemba 2015. Aretha alikuwa na miaka 73. Aliingia na koti refu la manyoya, akaweka pochi juu ya piano, akapiga mwenyewe. Koti alilidondosha karibu na mwisho, sauti ikiwa juu, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Kwa hiyo tusiharakishe: likivuliwa ubeti wa kwanza, hakuna tena cha kusubiriwa.

Fundi, bitana iwe ya satini, mikono mipana, bila kifungo hata kimoja. Pindo liishie inchi 2 juu ya sakafu, la sivyo kisigino kitalikanyaga anapoinuka kwenye piano. Gauni lisiwe na shanga mabegani. Zikinasa bitana, koti litaning'inia kiwikoni mbele za watu. Bangili hapana.

Mwimbaji atoe kwanza mkono usio na maiki, ahamishie maiki hapo, ndipo aachie upande wa pili. Afanye hivyo akiwa na koti lenyewe, maana kanga haina uzito ule.

Na viyoyozi vizimwe. Aretha alivikataa ukumbini ili kulinda sauti yake.