Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: asidi ya foliki itangulie mimba

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu zangu kutoka Kasulu. Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kliniki ya mama na mtoto. Nakuandikia hadharani kwa sababu wanawake ninaowasemea wengi wao bado hawana sababu ya kuja kliniki.

Mjamzito akija hudhurio la kwanza anapimwa damu, anafunguliwa kadi, anapewa FEFO, yaani madini chuma pamoja na asidi ya foliki. Utaratibu huo ni mzuri, uendelee, maana upungufu wa damu unaua. Lakini asidi ya foliki ina kazi nyingine, ya kumkinga mtoto na mgongo wazi, yaani kuzaliwa uti wa mgongo haujafunga, na kwa kazi hiyo tunachelewa. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Siku hiyo ya 28 mama amechelewa hedhi kama wiki mbili tu, na akijisikia vibaya anafikiria malaria. Wangapi wamefika kwangu mimba ina miezi minne, mitano! Kwa mgongo wa mtoto, kidonge nilichompa hakikuwa na msaada tena.

Nimewapokea watoto hao. Analazwa kifudifudi kwenye kanga, na chini ya kiuno kuna uvimbe laini, ngozi yake nyembamba inang'aa na kuvuja majimaji. Unamgusa nyayo, miguu haichezi. Nje mama mkwe anauliza huyu binti alifanya nini, au ni nani kawatupia kitu. Hakufanya lolote, wala hakurogwa. Kisha inaanza safari ya hospitali kubwa, Bugando au Muhimbili, kwa nauli ya kuuza mazao au mbuzi, na hata daktari akiuziba mgongo vizuri, mishipa ya fahamu iliyoharibika hairudi.

Kinga inajulikana siku nyingi. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika katika nchi 7 na kuchapishwa mwaka 1991, uliwahusu wanawake ambao mimba zao za nyuma ziliwahi kupata tatizo hili. Waliotumia asidi ya foliki tangu kabla ya mimba, hatari ya kujirudia ilipungua kwa asilimia 72.

Utasema kuna unga ulioongezwa virutubishi. Ni kweli, kanuni za mwaka 2011 zinahusu ngano na mahindi ya viwandani. Sisi huku tunakula ugali wa muhogo tulioulima, tukauanika, tukausaga mashine ya jirani. Unga huo hakuna kiwanda kilichougusa. Tuna maharage, matembele na mchicha, vyakula vyenye foleti nzuri, yaani vitamini hiyo hiyo ilivyo kwenye chakula, ila foleti huyeyuka kwenye maji na moto mwingi huipunguza. Mboga tunaichemsha mpaka inalegea, halafu maji tunayamwaga. Tufundishane kupika, ndiyo, lakini kidonge bado kinahitajika.

Ninachokuomba kinawezekana kwa watumishi ulio nao. Mwanamke anayekuja kutolewa kijiti au kitanzi cha uzazi wa mpango kwa kuwa anataka mtoto, asitoke bila asidi ya foliki mkononi, mikrogramu 400 kwa siku. Huyo ametuambia mwenyewe kwamba anajiandaa, na tunamwacha aende mikono mitupu! Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wapewe vidonge vya kugawa kwa wasichana na wanawake vijijini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge kimoja kwa wiki, chenye chuma miligramu 60 na asidi ya foliki miligramu 2.8, pale upungufu wa damu ulipo mkubwa.

Na mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi afuatiliwe kwake kabla hajashika mimba nyingine, aanzishiwe dozi kubwa kwa maelekezo ya daktari. Hapa wauguzi wakumbushwe jambo moja: miligramu 5 za asidi ya foliki kwa siku hudhoofisha nguvu ya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, na malaria yetu unaijua. Dozi hiyo kubwa ikome wiki ya 12, arudi kwenye kiwango cha kawaida, ndipo aanze SP kuanzia wiki ya 13.

Wako katika huduma,
Muuguzi mstaafu, Kasulu