YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA WATOTO WANAOACHIA SHULE NJIANI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa hii. Tarehe ya kufungua ipo chini ya ripoti ya mwanao. Vyoo vya wasichana vimekamilika, asanteni. Mchango wa chakula tuliokubaliana kikaoni wengi hamjamaliza na mpishi anadai.

Lililonifurahisha kuliko yote muhula huu nalieleza kwa ruhusa ya mwenyewe. Binti yetu mmoja aliondoka Kidato cha Pili kwa ujauzito. Amerudi kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, unaomruhusu aliyekatisha masomo, hata kwa kujifungua, kurejea darasani. Aliletwa na bibi yake, kitukuu akiwa mgongoni. Bibi akaniambia, "Mwalimu, huyu wa mgongoni ni wangu. Huyu aliyesimama ni wako." Tangu siku hiyo bibi anakaanga vitumbua na kitukuu pembeni, na binti hajakosa namba hata siku moja. Jumatano mstarini nilimkabidhi zawadi ya kwanza ya Hisabati, Kidato cha Tatu. Wenzake walishangilia hadi mwalimu wa zamu akaacha kuwanyamazisha. Nimefundisha miaka mingi, makofi ya namna ile sijawahi kuyasikia.

Sasa utoro. Wavulana wa Kidato cha Tatu na cha Nne wanapungua. Wapo wanaobeba mizigo Kariakoo, wapo wanaoparua samaki Feri. Mwezi wa tano nilikuwa stendi ya Mbagala Rangi Tatu, bodaboda akasimama mbele yangu: "Mama, twende?" Juu reflekta, chini suruali ya shule yetu. Aliponitambua alizima pikipiki, akainamisha kichwa. Ni wa Kidato cha Nne, leseni hana.

Nikamwita baba yake. Akanijibu, "Pikipiki nimemnunulia mimi. Analeta elfu kumi kwa siku. Nyie mnampa nini?"

Neno hilo halijanitoka moyoni. Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne ilifutwa mwaka 2016, ya cha Tano na cha Sita ikafuata mwaka 2022. Daftari, viatu na nauli vinakula hela, nalijua hilo, na mwenye shida ya kweli aje tuzungumze. Wapo tunaowasaidia kimyakimya. Lakini kijana huyu hakukosa kitu. Amesoma miaka mitatu na nusu, mtihani wa Taifa ni Novemba, halafu baba mzazi anamtoa kwa mkono wake mwenyewe! Akitaka chuo cha uuguzi au cha ualimu ataulizwa cheti cha Kidato cha Nne. Ataweza kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, ndiyo, lakini atajilipia, na atasoma usiku mgongo ukimuuma, pengine ana mke na mtoto wa kulisha.

Wiki nzima ya kwanza ya likizo nipo ofisini, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mzazi ambaye ripoti ya mwanae imeandikwa "mtoro" aje naye. Asije peke yake kuniambia mtoto amekataa.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule